Kila Sharti la Dozi Lina Sababu Yake

Anayetoka duka la dawa na doksisaiklini au azithromaisini mkononi hutoka pia na masharti: kunywa na maji mengi, usinywe na maziwa, usilale papo hapo, maliza dozi, usimpe mtoto. Kwa wengi wetu maneno hayo huingia sikio hili na kutokea lile, kwa kuwa hatuelezwi sababu yake. Sharti lisilo na sababu ni jepesi kulivunja.

Makala hii inakusudia kukupa sababu hizo. Doksisaiklini, tetrasaiklini, erithromaisini, azithromaisini, jentamaisini, streptomaisini, kloramfenikoli na klindamaisini ni dawa tofauti, lakini zote hupambana na bakteria kwa njia moja: humzuia asitengeneze protini, au humfanya atengeneze protini mbovu. Karibu kila sharti unalopewa linatokana na kazi hiyo au na maumbile ya dawa yenyewe. Ukiielewa kazi, utalishika sharti hata kama hakuna anayekukumbusha.

Dawa inapofika kwa bakteria

Hakuna kiumbe kinachoishi bila protini. Bakteria huzihitaji ili ale, akue, ajigawe na kujilinda, na huzitengeneza kwa kutumia ribosomu, vitu vidogo mno vinavyojaa kwa maelfu ndani ya mwili wake. Ribosomu hufanya kazi kama fundi cherehani mwenye vipimo mezani: husoma maelekezo ya jeni, kisha huunga asidi amino moja baada ya nyingine mpaka protini nzima ikamilike. Ina vipande viwili. Kipande kidogo husoma, kipande kikubwa huunga.

Kila kundi la dawa lina mahali pake pa kushika. Tetrasaiklini na doksisaiklini hukaa kwenye kipande kidogo na kuzuia asidi amino mpya isiingie. Jentamaisini na streptomaisini hukaa kwenye kipande hicho hicho, lakini huvuruga usomaji, hivyo protini hutoka na kasoro na kuharibu utando wa bakteria mwenyewe. Kloramfenikoli hukamata kipande kikubwa, pale pale asidi amino zinapoungwa. Erithromaisini na azithromaisini huziba njia ambayo protini changa hupitia kutokea. Linezolidi, dawa inayotunzwa kwa wagonjwa wa hali ngumu, huzuia vipande viwili visikutane kuanza kazi.

Nasi binadamu tuna ribosomu. Tunaponea kwenye tofauti ya umbo: zetu ni kubwa zaidi na zimejengwa kwa namna nyingine, kwa hiyo dawa hushika za bakteria na kuziacha zetu. Ramani kamili ya umbo hilo ilikuwa kazi ya miaka mingi, na mwaka 2009 Ada Yonath, Thomas Steitz na Venkatraman Ramakrishnan walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kuichora.

Hapo yanatoka mambo matatu yanayomhusu kila mgonjwa.

La kwanza, kirusi hana ribosomu. Huingia kwenye seli zetu na kutumia zetu. Mafua, homa ya mafua, sehemu kubwa ya vikohozi vya kawaida na kuharisha kwingi kwa watoto wadogo husababishwa na virusi, na dawa hizi hazina pa kuvishika. Wakati wa UVIKO-19 azithromaisini ilimezwa dunia nzima kwa matumaini kwamba ingesaidia. Jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa RECOVERY lilitoa matokeo mwaka 2021: kwa wagonjwa waliolazwa kwa UVIKO-19, haikuongeza nafasi ya kupona.

La pili, ndani ya seli zetu mna mitokondria, sehemu zinazozalisha nguvu ya mwili, na ribosomu zake zinafanana na za bakteria. Dawa ikizidi kiasi au ikitumika muda mrefu kupita inavyotakiwa, huweza kuzigusa. Baadhi ya madhara mazito ya jamii hii ya dawa, kama linezolidi kupunguza uzalishaji wa damu kwenye uboho, yanaanzia hapo.

La tatu, nyingi kati ya dawa hizi hazimuui bakteria mara moja. Humdumaza tu, na kinga ya mwili ndiyo inayomaliza kazi. Kwa hiyo dawa lazima ibaki mwilini kwa kiasi cha kutosha, saa kwa saa. Ukiambiwa kila baada ya saa kumi na mbili, maana yake ni saa moja asubuhi na saa moja jioni. Ukimeza vidonge vyote viwili jioni kwa kuwa asubuhi ulisahau, umemwachia bakteria mchana kutwa wa kujiinua.

Doksisaiklini na tetrasaiklini

Hizi ndizo zenye masharti mengi, na kila moja lina maana.

Usinywe na maziwa, vidonge vya kuongeza damu wala dawa za kiungulia. Tetrasaiklini hung'ang'ania madini: kalisi ya maziwa, chuma cha vidonge vya damu, magnesi na alumini za dawa za kiungulia, zinki wanayopewa wenye kuharisha. Zikikutana tumboni hushikana, na dawa hupita hadi chooni bila kuingia kwenye damu. Doksisaiklini huvumilia maziwa kuliko tetrasaiklini ya zamani, ila chuma na dawa za kiungulia huiathiri sana. Weka nafasi ya saa mbili au tatu kati yake na vitu hivyo.

Kunywa na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama, kisha usilale kwa angalau nusu saa. Kapsuli ya doksisaiklini ikikwama kooni na kuyeyukia hapo huunguza. Mtu huamka na maumivu makali ya kifua kila anapomeza mate, akadhani ni moyo. Kidonge cha usiku kinywe mapema, wakati wa chakula cha jioni, badala ya kukimeza ukiwa tayari kitandani.

Jikinge na jua. Ngozi ya anayetumia doksisaiklini huungua kirahisi, iwe nyeusi au nyeupe. Mvuvi, mkulima, mwendesha bodaboda na mama anayeuza nje wavae mikono mirefu na kofia mpaka dozi iishe.

Usimpe mtoto wa chini ya miaka minane, wala usitumie ukiwa mjamzito, bila uamuzi wa daktari. Mng'ang'anio ule ule wa kalisi hufanyika kwenye meno na mifupa inayokua. Tetrasaiklini huingia kwenye meno yakiwa bado ndani ya ufizi, yakaota ya manjano au kahawia, na doa hilo halitoki kwa mswaki maisha yote. Doksisaiklini ina hatari ndogo zaidi, na kuna nyakati daktari huichagua hata kwa hao. Katika mlipuko wa kipindupindu, dozi moja tu ya doksisaiklini huweza kupewa mjamzito na mtoto kwa kuwa faida inazidi hatari. Huo ni uamuzi wa mtaalamu aliyempima mgonjwa. Na hata kwenye kipindupindu, kinachookoa maisha kwanza ni maji yenye chumvi na sukari, yaani ORS, au dripu kwa aliyeishiwa nguvu. Kidonge kinakuja baada ya hapo.

Usifungue kapsuli na kumwaga unga kwenye kidonda. Desturi hii imeenea mno kwetu, na inaponza. Unga haufiki ndani ya nyama palipo na bakteria kwa kiasi kinachotakiwa. Juu ya kidonda hutengeneza ukoko unaoficha usaha, na huwazoeza bakteria wa ngozi dawa hiyo. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi, na kikiwa kirefu au kimetokana na msumari, jembe au meno ya mnyama, nenda kituo cha afya ukaulizie pia chanjo ya pepopunda.

Usitumie dawa iliyokwisha muda. Mwaka 1963 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa walioharibika figo baada ya kumeza tetrasaiklini ya zamani iliyooza. Joto na unyevu huharakisha uozo huo, kwa hiyo dawa isikae juu ya kabati la jikoni karibu na jiko, wala ndani ya gari linaloshinda juani.

Azithromaisini na erithromaisini

Azithromaisini imependwa kwa sababu ya wepesi wake: vidonge vichache, siku chache, basi. Wepesi huo unatokana na dawa kujificha ndani ya seli za mwili na kutoka taratibu kwa siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho. Sifa hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Kila anayeimeza bila kuihitaji huwaachia bakteria wake, kwa siku nyingi, kiasi kidogo cha dawa kisichowaua lakini kinachowafundisha kuhimili. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani limeiweka, pamoja na erithromaisini, katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini, tofauti na doksisaiklini na jentamaisini zilizo kwenye kundi la dawa za kuanza nazo.

Ikitumika kwa mpango, azithromaisini hufanya makubwa. Trakoma, ugonjwa wa macho unaopindisha kope hadi zikakwaruza mboni na kupofusha, umetesa vizazi vingi katika nyanda kame za kati ya Tanzania. Wilaya ya Kongwa, Dodoma, imekuwa mahali pa tafiti muhimu za ugonjwa huo kwa miongo kadhaa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kugawa azithromaisini kwa jamii nzima. Watu hupewa dozi moja kwa kipimo cha kimo au uzito, kwa ratiba, sambamba na kuosha nyuso za watoto, kujenga vyoo, kupata maji na kuwafanyia upasuaji wenye kope zilizopinda. Dawa peke yake isingetosha. Mafanikio yametokana na kupima, kupanga na kuchukua hatua zote kwa pamoja.

Nawe ukiandikiwa, mweleze daktari kama una ugonjwa wa moyo, kwa kuwa dawa za kundi hili huweza kuvuruga mapigo yake. Mwonyeshe pia dawa zote unazotumia. Erithromaisini na ndugu yake klarithromaisini huzuia ini lisisafishe dawa nyingine, zikarundikana kwenye damu; baadhi ya dawa za kolesteroli na dawa ya kifafa iitwayo kabamazepini ni mifano. Tumbo kunyonga baada ya erithromaisini ni kawaida, kwa sababu dawa huchochea misuli ya utumbo. Chakula kidogo husaidia wengi, ila uliza mfamasia, maana baadhi ya aina zake hutakiwa kunywewa kabla ya kula.

Jentamaisini na streptomaisini

Streptomaisini ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa kiumbe cha udongoni, kwa mikono ya Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman, New Jersey, Marekani. Ilikuwa dawa ya kwanza kuweza kifua kikuu. Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hiyo: katika miaka ya 1970, wagonjwa na watafiti wa hapa walishiriki majaribio yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambamo streptomaisini ilichanganywa na dawa nyingine. Majaribio hayo yalionyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya mwaka mmoja na nusu au zaidi. Tiba fupi iliyookoa mamilioni imejengwa juu ya uvumilivu wa wagonjwa wetu.

Kundi hili halipenyi utumbo kuingia kwenye damu, ndiyo maana huchomwa sindano. Huokoa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, na kwa kazi hiyo jentamaisini haina mpinzani wa bei yake. Lakini nafasi kati ya dozi inayoponya na inayodhuru ni nyembamba. Dawa hukusanyika kwenye figo na kwenye sikio la ndani. Figo mara nyingi hurudia hali yake. Chembe za kusikia zikifa hazioti tena, na uziwi unaobaki ni wa kudumu. Kuna familia zenye badiliko la jeni za mitokondria linalorithiwa kutoka kwa mama, na wenye badiliko hilo hata dozi ya kawaida huweza kuwafanya viziwi.

Kwa hiyo usikubali sindano ya jentamaisini ya dukani au ya jirani aliyewahi kufanya kazi hospitali. Mgonjwa apimwe uzito, aulizwe kuhusu figo, na siku zihesabiwe. Kama kuna ndugu wa upande wa mama aliyepoteza usikivu baada ya sindano, sema kabla hujachomwa. Ukisikia mlio masikioni, kizunguzungu au mkojo kupungua, sema siku hiyo hiyo. Kwa kifua kikuu sugu, kanamaisini, sindano ya kundi hili hili iliyowafanya wengi viziwi, haimo tena katika tiba zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na nafasi yake imechukuliwa na vidonge.

Kloramfenikoli nayo ilikuwa mkombozi wa wagonjwa wa taifodi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini mara chache huzima kabisa uzalishaji wa damu, na baadhi ya watoto wachanga waliopewa kwa wingi walikufa ngozi ikiwa ya kijivu. Leo wengi wanaifahamu kama dawa ya matone ya macho. Vidonge na sindano zake ziachwe mikononi mwa daktari.

Si kila homa ni taifodi

Mtu ana homa na maumivu ya kichwa. Anapimwa Widal, anaambiwa ana taifodi, anaondoka na azithromaisini. Wiki mbili baadaye anapimwa tena, "taifodi bado ipo", na anaongezewa. Widal hutafuta kinga iliyomo kwenye damu, na kinga hiyo inaweza kuwa imetokana na maambukizi ya zamani, chanjo au bakteria wengine wanaofanana. Hubaki kwa miezi baada ya kupona. Kipimo kinachothibitisha ni kuotesha damu kwenye maabara, kabla hujameza dawa yoyote. Kama kinapatikana, kiombe. Kama hakipatikani, mwulize daktari ni dalili gani zinazomfanya aamini ni taifodi, na usirudie Widal kutafuta uthibitisho wa kupona.

Nchini Pakistan, tangu mwaka 2016, imesambaa aina ya taifodi inayoshinda karibu dawa zote za kawaida, na azithromaisini ni kama kidonge pekee kilichobaki. Kila dozi tunayotupa kwenye mafua inapunguza umri wa kidonge hicho.

Bakteria anavyojifunza

Bakteria hushinda dawa hizi kwa njia tatu kuu. Huweka pampu za kuisukuma dawa nje. Hutengeneza vimeng'enya vinavyoibadili dawa isiweze kushika. Au hubadili ribosomu yenyewe mahali dawa inapokaa, na badiliko moja dogo hutosha kuangusha erithromaisini, azithromaisini na klindamaisini kwa mpigo. Jeni za ujuzi huo huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa jamii tofauti. Bakteria asiye na madhara utumboni mwako, aliyezoea dawa kwa dozi usiyoihitaji, anaweza kumkabidhi ujuzi wake yule wa hatari. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi yaliyoshinda dawa, na kwa kulinganisha na idadi ya watu, Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi.

Basi maliza dozi uliyoandikiwa, kama ilivyoandikwa. Wataalamu wenyewe wamefupisha dozi za magonjwa kadhaa baada ya utafiti, lakini wewe usiifupishe kwa kuwa homa imeshuka siku ya pili, wala usiirefushe kwa hofu. Ikikudhuru, piga simu au rudi kituoni kabla ya kuacha. Usibakize vidonge kwa ajili ya siku nyingine, na usimgawie jirani: nusu dozi haitamponya yeye wala wewe.

Kuku na ng'ombe wetu

Oksitetrasaiklini ni ndugu wa damu wa doksisaiklini, na wafugaji wengi huijua kwa kifupi cha OTC. Ina matumizi halali na ya thamani. Chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa Muguga, Kenya, humpa ng'ombe vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini, ili ugonjwa usimzidi wakati kinga inajengeka. Imeokoa ndama wengi wa wafugaji.

Makosa huja tunapoitia kwenye maji ya kuku kila wakionekana wamezubaa. Mdondo, unaofyeka banda zima, ni ugonjwa wa virusi, na OTC haiugusi. Kinachowakinga ni chanjo ya tone la jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Na mnyama aliyetibiwa ana siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Kabla hazijaisha, usikamue kwa ajili ya kuuza au kunywa, usiuze mayai, usichinje. Kuchemsha maziwa hakuondoi dawa yote. Mtoto anayekunywa maziwa hayo anameza dozi ambayo hakuna aliyemwandikia.

Ukiwa dukani au kwa daktari

Nunua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa, na uangalie tarehe ya mwisho kwenye pakiti yenyewe, si kwenye boksi la rafuni. Kisha uliza maswali haya, bila aibu:

Ni ugonjwa gani unaotibiwa, na tunajuaje kwamba ni bakteria?

Je, kuna kipimo cha kufanya kabla sijaanza dawa?

Nameza saa ngapi, kwa siku ngapi, kabla au baada ya chakula?

Isikutane na kitu gani: maziwa, vidonge vya damu, dawa zangu nyingine?

Nikiona dalili ipi nirudi haraka?

Sema pia usiyoulizwa: ujauzito, kunyonyesha, figo, moyo, umri na uzito wa mtoto, na dawa iliyowahi kukuwasha au kukuvimbisha. Ukiambiwa huhitaji antibayotiki, pokea jibu hilo kwa shukrani. Umehudumiwa na mtu aliyekataa kuchukua pesa yako kwa dawa isiyokufaa, na dawa ambayo hukuimeza leo itakuwa na nguvu zaidi siku wewe au mwanao mtakapoihitaji kweli.